Magavana Watatu na Muhuri Mmoja

Wasomaji wetu, neno "gavana" si geni masikioni mwetu. Wazee wa Kenya, Uganda na Tanganyika walilijua tangu zamani zile Gavana alipoletwa kutoka Uingereza kwa amri ya mfalme, wala hapana mtu wa nchi aliyeulizwa kama amtaka ama hamtaka. Leo twataka kusimulia habari za gavana wa namna nyingine, yule achaguliwaye kwa kura na watu anaowatawala, pamoja na habari za wenzake washikao kazi ubavuni pake. Tumechagua jimbo moja la Marekani, nalo ni Georgia, lililo upande wa kusini wa nchi ile, ambalo mji wake mkuu ni Atlanta. (Msomaji asilichanganye na ile nchi ya Georgia iliyopakana na Urusi, hizo ni mbili mbali.) Tumelichagua kwa kuwa mwanzoni mwa mwaka wa 1947 jimbo hili lilipata watu watatu, kila mmoja akisema haki ya ugavana i kwake, na katika msukosuko ule ndipo ilipoonekana waziwazi kila cheo kina kazi gani.

Yapasa kwanza kueleza mpango wenyewe. Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina katiba yake, baraza lake la kutunga sheria, mahakama zake na gavana wake. Rais akaaye Washington huwateua mawaziri wake mwenyewe, na Baraza la Seneti likiwakubali, huingia kazini. Mwananchi hampigii kura waziri. Huko Georgia si hivyo. Watu humchagua Gavana. Kisha, kwa kura nyingine mbali, humchagua Naibu wa Gavana. Tena humchagua Katibu wa Jimbo, Mwanasheria Mkuu, Msimamizi wa Shule, na makamishna watatu, wa Kilimo, wa Kazi na wa Bima. Hao ni wanane, na wote huchaguliwa siku moja ya Jumanne katika mwezi wa Novemba, kila baada ya miaka 4, katika mwaka ulio kati ya chaguzi mbili za Rais wa nchi, kama ulivyokuwa mwaka wa 2018 na wa 2022. Kila mmoja anasimama kwa miguu yake. Gavana hawezi kumfukuza mwenzake kwa kupenda kwake tu, maana hakumwajiri. Waliomwajiri ni wale wale waliomwajiri yeye.

Jambo hili lina ajabu yake. Gavana aweza kuwa wa chama hiki, na Naibu wake wa chama kile. Wakutanapo kazini asubuhi, mmoja aweza kuwa anawaza jinsi ya kumwondoa mwenziwe katika uchaguzi ujao. Yatupasa kusema kweli kwamba mpango huu, ukiutazama siku ya kawaida, waonekana kama nyumba yenye baba wanane.

Kazi zao hatutazieleza zote sawasawa, maana nyingine ni nyepesi kueleweka. Naibu wa Gavana hukalia kiti cha Baraza la Seneti la jimbo, na Gavana akifa hushika mahali pake. Mwanasheria Mkuu hulitetea jimbo mahakamani. Kamishna wa Bima huyaangalia makampuni ya bima yasiwadhulumu watu. Kamishna wa Kazi hushughulikia mambo ya waajiriwa na wale waliokosa kazi. Kamishna wa Kilimo hupima mbolea na mizani za sokoni, hata pampu za petroli, ili anunuaye lita apate lita. Ninyi mlio walimu mtapenda kujua habari za Msimamizi wa Shule. Yeye huchaguliwa na watu wa jimbo zima. Lakini Halmashauri ya Elimu, iwekayo kanuni anazopaswa kuzifuata, huteuliwa na Gavana. Ni kama mwalimu mkuu aliyechaguliwa na wazazi, na kamati ya shule imewekwa na chifu. Mwalimu yeyote aliyepata kukaa katika shule ya namna hiyo hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka wa 2014 Msimamizi wa Shule, Bwana John Barge, alifika hata kusimama kumpinga Gavana Nathan Deal ndani ya chama chao kimoja, akashindwa.

Katibu wa Jimbo tumemweka mwisho kwa makusudi. Yeye ndiye atunzaye hati, asajiliye makampuni, asimamiaye uchaguzi. Na mikononi mwake umo muhuri mkubwa wa jimbo, ambao hati rasmi za Gavana hazikamiliki pasipo kupigwa huo. Tuukumbuke muhuri huo.

Sasa na tuingie katika habari yenyewe, nayo yaanza na mkulima. Katika mwaka wa 1926 watu wa Georgia walimchagua mtu jina lake Eugene Talmadge awe Kamishna wa Kilimo. Wakati ule wakulima walikuwa katika dhiki, maana pamba yao ilikuwa imeliwa na mdudu na bei yake ilikuwa imeanguka. Talmadge alikuwa mwanasheria, walakini alivaa kanda nyekundu za kushikia suruali kama watu wa shamba, akasema lugha yao, akawaandikia katika gazeti la idara yake lililofika mikononi mwa wakulima wengi. Kwa njia ya cheo kile kidogo jina lake lilipenya vijijini, na katika uchaguzi wa 1932 akashinda ugavana. Akashinda tena 1934, na tena 1940.

Aliyoyafanya mwaka wa 1941 yafaa tuyakumbuke, kwa kuwa yanatuonyesha kwa nini watu wa jimbo lile waliogopa kuweka funguo zote katika mkono mmoja. Katika Chuo Kikuu cha Georgia palikuwa na mkuu wa idara ya ualimu, Walter Cocking, aliyeshutumiwa ati ataka wanafunzi weupe na weusi wasome pamoja. Gavana alitaka afukuzwe. Halmashauri ya vyuo ilipokataa, Gavana akawaondoa baadhi ya wajumbe, akaweka wengine watakaomtii, na Cocking akafukuzwa pamoja na wengine. Basi chama cha vyuo vya kusini kikaviondolea vyuo 10 vya jimbo, vya watu weupe, ile sifa ya kutambuliwa kwao. Wazazi waliokuwa wameuza mazao kulipa karo ya watoto wakaona vyeti vyaelekea kuwa karatasi tupu. Katika uchaguzi wa 1942 wakamwondoa Talmadge, wakamweka kijana wa miaka 35, Ellis Arnall, ambaye alikuwa Mwanasheria Mkuu. Naye Arnall akazikata ncha za cheo alichokishika mwenyewe, jambo ambalo si la kila siku. Halmashauri ya vyuo ikawekewa ulinzi katika katiba. Uwezo wa kuwasamehe wafungwa ukatolewa kwa Gavana ukapewa halmashauri ya watu wengine. Na katiba mpya ya 1945 ikaanzisha cheo cha Naibu wa Gavana, ambacho jimbo halikuwa nacho. Kodi ya kichwa, ambayo maskini hawakuweza kupiga kura pasipo kuilipa, ikafutwa mwaka ule ule.

Lakini katiba hiyo haikumruhusu Gavana kufuatanisha vipindi viwili, hivyo mwaka wa 1946 Arnall hakuweza kusimama tena. Eugene Talmadge akarudi uwanjani.

Hapa lazima tuseme jinsi uchaguzi wa siku zile ulivyokuwa, maana haukuwa wa haki, nasi hatutaki kuupaka chokaa. Chama cha Democratic ndicho kilichotawala kusini kote. Mshindi wa mchujo wake alikuwa amekwisha shinda, na kura ya Novemba ilikuwa kutimiza desturi tu. Kwa hiyo wakubwa walifanya hila ya kuwazuia watu weusi wasiingie katika mchujo, wakisema chama ni mali ya wanachama, nao ni weupe. Tarehe 4 Julai 1944 katika mji wa Columbus mtu mmoja, Primus King, kinyozi na mhubiri, aliingia mahali pa kupigia kura, akatolewa nje. Hakunyamaza. Akashtaki mahakamani akashinda, na mwezi wa Aprili 1946 Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kuigeuza hukumu ile. Mlango ukafunguka. Katika mwaka ule watu weusi zaidi ya 100,000 wa Georgia waliandikisha majina yao wapige kura.

Talmadge alizunguka jimbo lote akiahidi kuufunga tena mlango huo. Wengine hawakungoja sheria. Maceo Snipes, mtu mweusi aliyekuwa amerudi kutoka vitani alikoitumikia nchi yake, alipiga kura katika wilaya ya Taylor siku ya mchujo, tarehe 17 Julai. Kesho yake watu weupe walimfuata nyumbani wakampiga risasi, naye akafa baada ya siku mbili. Twalitaja jina lake hapa kwa kuwa asomaye habari za vyeo na chaguzi huweza kusahau kwamba karatasi ile ndogo iliwahi kununuliwa kwa damu.

Katika mchujo huo James Carmichael alipata kura zaidi ya Talmadge. Alimpita kwa zaidi ya 16,000. Hata hivyo Talmadge ndiye aliyetangazwa mshindi. Yaliwezekanaje hayo? Kura za watu hazikuhesabiwa kwa vichwa. Zilihesabiwa kwa wilaya. Georgia ina wilaya 159. Zile 8 kubwa zilipewa pointi 6 kila moja, 30 zilizofuata zilipewa 4, na 121 zilizobaki zilipewa 2. Mshindi wa wilaya alichukua pointi zake zote. Hivyo wilaya tatu ndogo zenye watu wachache zililingana na Atlanta nzima pamoja na viunga vyake. Talmadge, aliyejua njia za mashambani kuliko mtu yeyote, alikusanya pointi 242 kati ya 410.

Hata kabla ya siku ya Novemba rafiki zake walijua kwamba mzee huyo ni mgonjwa. Wakapeleleza katiba, wakaona mahali paandikwapo kwamba, ikiwa hapana aliyepata zaidi ya nusu ya kura, Baraza litamchagua Gavana miongoni mwa wawili waliopata kura nyingi kuliko wengine na walio hai. Neno hilo "walio hai" likawapa shauri. Wakawaambia watu wao wachache, kimya kimya, waandike kwa mkono katika karatasi ya kura jina la Herman Talmadge, mwana wa Eugene, mwenye miaka 33. Siku ya uchaguzi ikafika, Eugene akachaguliwa pasipo mpinzani. Siku ile ile watu walimchagua Naibu wa Gavana wa kwanza, Melvin Thompson, mwalimu wa zamani, aliyekuwa mtu wa upande wa Arnall.

Tarehe 21 Desemba 1946 Eugene Talmadge akafa, hajaapishwa.

Basi kila upande ukashika sheria yake. Thompson alisema, "Mimi ni Naibu niliyechaguliwa na watu, Gavana amekufa, mahali pake ni pangu." Arnall alisema katiba yamwamuru Gavana akae mpaka mwandamizi wake apatikane na kuapishwa, naye hajapatikana, kwa hiyo atangoja mpaka Thompson aapishwe unaibu, kisha atajiuzulu na kumwachia. Wafuasi wa Talmadge walisema aliyekufa hawezi kuwa na kura, basi Baraza na lichague.

Baraza lilipokutana Januari na kuhesabu kura zilizoandikwa kwa mkono, mambo yakawa ya kuchekesha kama yasingekuwa ya hatari. Carmichael alikuwa na kura 669, muuza mawe ya makaburi mmoja wa chama cha Republican alikuwa na 637, na Herman alikuwa wa tatu na 617. Wa tatu hakustahili kuchaguliwa. Ndipo zikatokea kura nyingine 58 kutoka wilaya ya Telfair, nyumbani kwao Talmadge, ambazo ati zilikuwa zimepotea mahali. Herman akapanda hata 675. Baadaye mwandishi wa gazeti la Atlanta Journal, George Goodwin, alikwenda Telfair kuyachunguza majina ya wapiga kura hao, akagundua ya kwamba baadhi yao walikuwa wamekwisha zikwa, na kwamba wengi walikuwa wamefika kupiga kura wakifuatana kwa mpango wa alfabeti. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1948.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari 1947, katika jumba la serikali lililojaa watu, wengine wamelewa, Baraza likamchagua Herman kwa kura 161 dhidi ya 87. Akaapishwa usiku ule ule, akashuka na umati mpaka ofisi ya Gavana. Arnall alikuwa ameketi mezani pake, akakataa kuondoka. Pakawa na kusukumana na kupigana ngumi. Siku iliyofuata Herman aliiteka ofisi, akabadilisha kufuli, akaingia na katika nyumba ya Gavana. Arnall, aliyekuwa Gavana juzi, alionekana akifanya kazi katika kibanda cha kuulizia habari, chini ya kuba la jumba lile lile. Tarehe 18 Januari Thompson akaapishwa unaibu; mara Arnall akajiuzulu, na Thompson akafungua ofisi yake mjini akisema yeye ndiye Gavana mtendaji. Mtu mwenye shida ya serikali hakujua abishe mlango upi.

Hapo ndipo ulipoonekana uzito wa yule Katibu wa Jimbo. Jina lake lilikuwa Ben Fortson. Tangu ajali ya gari ya mwaka wa 1929 hakuweza kutembea. Alikwenda katika kiti cha magurudumu. Alitakiwa autoe muhuri. Hakuutoa kwa huyu wala kwa yule, mpaka mahakama iamue Gavana ni nani. Akauficha, na watu walipokuwa wakiutafuta, mwenyewe alikuwa ameukalia, chini ya mto wa kiti chake. Askari wangeweza kuvunja mlango na kubadilisha kufuli, lakini hapana aliyedhani kumwinua kiwete katika kiti chake atazame chini yake.

Tuitazame habari hii kidogo. Kama Katibu wa Jimbo angekuwa mtumishi wa Gavana, aliyewekwa na mkono wake, angeufuata mkono uliokuwa na nguvu usiku ule. Aliyeishika ofisi angeushika na muhuri. Fortson alikuwa ameteuliwa na Arnall mapema mwaka wa 1946, mtangulizi wake alipofariki, walakini cheo chake kilikuwa cha watu, na watu ndio waliokuwa na haki ya kumwondoa. Nyumba yenye baba wanane, tuliyoicheka hapo juu, katika usiku ule ilikuwa na faida ya kwamba mwizi hangeweza kupata funguo zote kwa kumkamata baba mmoja. Hatusemi kwamba mpango wenyewe ndio uliomfanya Fortson kuwa jasiri. Mpango ulimpa kiti. Kukikalia ilikuwa juu yake mwenyewe.

Kwa miezi miwili hivi Herman alitawala. Tarehe 19 Machi 1947 Mahakama ya juu ya jimbo ikatoa hukumu, majaji 5 dhidi ya 2. Walisema Baraza lilikuwa na kazi ya kufungua kura na kutangaza hesabu. Hesabu ilionyesha kwamba Eugene Talmadge alipata zaidi ya nusu. Basi hapakuwa na la kuchagua, na kifo chake hakikugeuza hesabu. Arnall alikuwa Gavana wa haki mpaka alipojiuzulu, na baada yake ni Naibu, Thompson. Herman aliondoka ofisini siku ile ile, pasipo vita. Muhuri ukatoka chini ya mto.

Tungependa labda kusema kwamba watu walimkataa Herman tangu hapo. Sivyo. Mwaka wa 1948 ulifanyika uchaguzi maalum wa kumaliza kipindi, naye alimshinda Thompson, akawa Gavana mpaka Januari 1955, kisha akaiwakilisha Georgia katika Baraza la Seneti la nchi miaka mingi. Watu weusi wengi walikuwa wakiondolewa majina yao katika daftari za wapiga kura kwa visingizio vya kila namna. Mahakama iliweza kusema ni nani ana haki ya kuketi katika kiti. Haikuweza kuwachagulia watu wa jimbo mtu wa kumpenda.

Ule mchezo wa pointi za wilaya ulitumika mpaka 1962, na mwaka wa 1963 Mahakama Kuu ya nchi iliukataza, ikisema kura ya mtu mmoja ihesabiwe sawa na ya mwingine. Lakini lile fungu la katiba kuhusu Baraza kumchagua Gavana lilibaki, likangoja. Mwaka wa 1966 Howard Callaway wa chama cha Republican alimpita Lester Maddox wa Democratic kwa kura 3,000 hivi. Wala hapana aliyefika nusu, kwa kuwa watu zaidi ya 50,000 walikuwa wameandika kwa mkono jina la Ellis Arnall, yule yule. Shauri likafika Washington, likaamuliwa kwa majaji 5 dhidi ya 4 kwamba Baraza lina ruhusa. Baraza, lililojaa Wademocratic, likamchagua Maddox, aliyepata kura chache. Mshtakiwa aliyetajwa katika shauri hilo alikuwa Katibu wa Jimbo, Ben Fortson, angali katika kiti chake. Alikaa katika cheo hicho, akichaguliwa tena na tena, mpaka alipokufa mwaka wa 1979. Baada ya mambo hayo katiba ikarekebishwa: siku hizi asipopatikana wa kupita nusu, watu hurudi kupiga kura kati ya wawili wa kwanza.

Maddox hakuruhusiwa kufuatanisha vipindi viwili, hivyo mwaka wa 1970 akasimama kuwa Naibu wa Gavana, akachaguliwa. Siku ile ile watu walimchagua Gavana Jimmy Carter, mkulima wa karanga, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani. Watu wawili hawa hawakuafikiana karibu katika neno lolote. Carter aliziunganisha ofisi 300 hivi za serikali ziwe 22, na Maddox, akiwa amekalia kiti cha Seneti, alimpinga hatua kwa hatua. Miaka minne nzima Gavana alifanya kazi huku Naibu wake akimvuta koti. Tangu mwaka wa 1976 Gavana ameruhusiwa vipindi viwili mfululizo. Kuhusu Naibu, hapakubadilishwa neno, angali anachaguliwa mbali.

Mpango huu una ubovu mwingine uliodhihirika siku hizi. Ikiwa Katibu wa Jimbo husimamia uchaguzi, na yeye ni mwanasiasa mwenye chama, itakuwaje akitaka cheo kikubwa zaidi? Mwaka wa 2018 Brian Kemp, Katibu wa Jimbo, alisimama kugombea ugavana dhidi ya Stacey Abrams, wala hakukiacha cheo chake mpaka kura zilipokwisha pigwa. Alishinda kwa kupita nusu kidogo tu. Sheria haikumkataza. Walakini mchezaji akishika filimbi ya mwamuzi, hata akicheza sawasawa, walioshindwa hawataridhika, nao hawakuridhika.

Miaka miwili baadaye cheo hicho hicho kilijaribiwa kwa namna nyingine. Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka wa 2020 Joe Biden alimpita Donald Trump katika Georgia kwa kura 11,779 kati ya milioni 5 hivi. Kura zilihesabiwa tena zote kwa mikono. Tarehe 2 Januari 2021 Rais Trump alimpigia simu Katibu wa Jimbo, Brad Raffensperger, mtu wa chama chake mwenyewe, akamtaka atafute kura 11,780. Raffensperger alijibu kwamba hesabu za Rais si sahihi, na hesabu haikubadilishwa. Rais hakuweza kumwondoa kazini, wala Gavana hakuweza. Mwaka ule ule wa 2021 Baraza la Georgia likatunga sheria iliyomwondoa Katibu wa Jimbo katika uenyekiti wa halmashauri ya uchaguzi. Mwezi wa Mei 2022 Raffensperger alisimama mbele ya watu wa chama chake, akipingwa na mtu aliyeungwa mkono na Trump, na wakamrudisha pasipo kuhitaji duru ya pili. Na mwezi wa Novemba jimbo zima likamchagua kwa kipindi kingine.